Baiskeli katika chumba cha chini ya ardhi

Swali: Tunaishi Minneapolis. Nataka kufunga jipsamu kwenye kuta za chumba cha chini ya ardhi, kiwe cha baiskeli. Nianzie wapi?

Jibu: Anzia kwenye maji. Bandika kipande cha nailoni sakafuni, uzibe kingo zake kwa utepe, ukiache siku mbili. Matone chini yake ni unyevu unaopanda kupitia zege. Ya juu ni mvuke wa hewani. Utasema mashine ya kukausha hewa inatosha. Kwa mvuke, sawa. Unyevu wa ardhini utaendelea kupenya na kuozesha mbao nyuma ya jipsamu, usikouona. Kwanza elekeza maji ya paa mbali na msingi. Tena, baiskeli haidai ukuta wa sebuleni: zege tupu na ndoano imara kwenye boriti za dari zinatosha, mradi uifute chumvi ya barabara za majira ya baridi, maana hiyo hula mnyororo upesi.