Miaka Saba Si Tarehe ya Kukabidhi Mtoto

Wewe wa Bonde la Mpunga, Dar es Salaam, meseji yako nimeisoma yote. Hamkufunga ndoa, baba mtoto hajaonekana tangu binti anatambaa, leo anakuandikia: "Mwezi ujao anatimiza saba, namfuata, sheria inanipa." Mama yako naye kakwambia uanze kupanga nguo za mtoto. Usipange hata soksi, mdogo wangu.

Hiyo saba imezunguka vijiweni mpaka imekuwa amri. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema hivi: mtoto wa chini ya miaka 7 hudhaniwa ni heri akae na mama yake, na hata dhana hiyo yaweza kupingwa kwa ushahidi. Haisemi popote kwamba keki ya saba ikikatwa, baba anabeba mtoto. Hakimu hutazama maslahi ya mtoto: nani amekuwa akimlea, atayumba kiasi gani akihamishwa, ana ndugu wa kutenganishwa nao, na mwenyewe anasemaje.

Kuna wazee bado wanashikilia mila zilizoandikwa na serikali mwaka 1963, kwamba mwanaume alihalalisha mtoto wa nje ya ndoa kwa kumlipa baba wa binti shilingi 100 kabla mtoto hajaachishwa ziwa. Mia! Leo hata kitumbua hupati.

Kukosa hati ya mahakama hakumfanyi mtoto kuwa wa atakayewahi kumbeba. Mzazi mwenzio akitaka alelewe kwake, aende akaombe. Haki hiyo anayo. Na wewe unaweza kumtangulia. Anzia kwa afisa ustawi wa jamii, atawaita wote wawili. Mkielewana, yaandikwe: siku za kumwona, ada nani analipa, likizo wapi. Mkishindwana, Mahakama ya Watoto, ile ya Kisutu au nyingine iliyo karibu nawe.

Nenda na kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa, risiti za ada. Meseji za pesa alizotuma, na zile za kumdai miezi asiyotuma, zichapishe. Wewe unauza samaki ufukweni, simu ikidondoka majini ushahidi umekwenda nayo. Kama mliishi pamoja miaka 2 au zaidi na majirani wakawajua kama mke na mume, mwambie afisa hilo mapema, maana Sheria ya Ndoa ya 1971 ina dhana ya ndoa na mambo yako yatapanuka.

Sasa nikuseme na wewe. Umeniandikia kwamba hutaki amwone "mpaka alipe yote." Hapana. Matunzo mdai, hata mahakamani, lakini kumwona baba yake ni haki ya mtoto, wala haisubiri deni.

Shuleni peleka barua yenye majina ya wanaoruhusiwa kumchukua. Baba yake akimnyakua, usiwatume kaka zako wakavunje mlango wa mtu; nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi, kisha kwa afisa ustawi, uombe mahakama itoe amri ya muda.

Usiku huu usimpigie. Mwandikie kwa upole: "Mtoto yupo salama. Njoo tukutane kwa afisa ustawi wa jamii, siku uchague wewe." Akijibu matusi, usifute.