MADA: UPANGAJI WA BIDHAA DUKANI NA KIASI ANACHONUNUA MTEJA

Upangaji wa bidhaa ni kazi yote anayoifanya muuzaji wa rejareja ndani ya duka lake ili bidhaa zionekane, zifikiwe kwa urahisi na zivutie. Unahusu mahali zinapowekwa, urefu wa rafu, bidhaa ipi inakaa jirani na ipi, na jinsi bei inavyoandikwa. Usiuchanganye na utangazaji. Tangazo la redio humfuata mteja nyumbani kwake. Upangaji humngojea akishafika dukani. Mtahiniwa anayejaza ukurasa kwa habari za mabango ya barabarani amejibu swali jingine.

Anza na duka unalolijua. Kipalapala, nje kidogo ya mji wa Tabora, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Tanzania, duka dogo ni dirisha lenye nondo. Mteja husimama nje na kutaja anachotaka. Muuzaji huigeukia rafu, hupima, hupokea fedha na kurudisha chenji. Kwa kawaida mteja amekwisha kuamua kabla hajafika. Kinachoweza kumwongezea ununuzi ni vile vitu vichache vinavyoonekana kati ya nondo, kama vile biskuti, pipi na vifurushi vya sabuni ya unga vilivyoning'inizwa, pamoja na swali la muuzaji mwenyewe: "Na majani ya chai, mama?" Swali hilo dogo huuza kuliko rangi mpya ya ukuta.

Duka la kujihudumia lina utaratibu mwingine. Mwaka 1916 Clarence Saunders alifungua duka la Piggly Wiggly mjini Memphis, Marekani, ambamo wateja walichukua bidhaa wenyewe, wakaweka kikapuni na kulipa walipokuwa wakitoka. Tangu hapo rafu imefanya kazi ya yule muuzaji anayeuliza. Mteja aliyekuja kununua mkate hupita kwanza kwenye vitu vingine, kwa kuwa mkate na maziwa mara nyingi huwekwa ndani kabisa. Akiona kiberiti, hukumbuka kwamba cha nyumbani kimekwisha. Akiwa kwenye foleni ya kulipa, mtoto anaona chokoleti iliyowekwa usawa wa macho yake, si ya mama yake. Ununuzi wa namna hii huitwa ununuzi usiokusudiwa, na ndio msingi wa mada hii.

Sasa fikiria kwa makini, maana hapa ndipo majibu mengi yanapokuwa mepesi. Bidhaa ikiwekwa usawa wa macho, mauzo yake huweza kupanda. Lakini je, mteja amenunua zaidi, au amebadilisha tu alichonunua? Familia haitafua nguo mara mbili zaidi kwa sababu sabuni ya kampuni fulani imepandishwa rafu. Itachukua hiyo na kuacha nyingine. Mwenye kiwanda amefaidika, pengine na mwenye duka kama faida ya sabuni hiyo ni kubwa, lakini jumla ya sabuni iliyouzwa ni ileile. Kwa biskuti, soda na karanga mambo ni tofauti: vikifika nyumbani vitaliwa, na kesho vitanunuliwa tena. Kwa hiyo taja aina ya bidhaa kabla ya kusema kwamba upangaji "huongeza mauzo".

Tena, nafasi ya rafu ina gharama. Tuseme duka lina wateja 40 wa sukari kwa siku. Muuzaji anahamishia majani ya chai karibu na sukari, na wateja 12 ambao wasingenunua chai wanaichukua. Faida kwa kila pakiti ni shilingi 200, yaani anapata 2,400. Lakini chai imechukua mahali pa biskuti, ambazo mauzo yake yanashuka kutoka pakiti 15 hadi 9. Kwa faida ya shilingi 150 kila pakiti, amepoteza 900. Faida halisi ya kuhamisha ni 1,500. Mtahiniwa anayeishia kwenye 2,400 hajamaliza hesabu.

Wingi wa bidhaa mezani nao unaweza kudanganya. Katika utafiti wa Sheena Iyengar na Mark Lepper uliochapishwa mwaka 2000, duka moja la California liliweka meza ya jamu. Ilipokuwa na aina 24, watu wengi zaidi walisimama kutazama kuliko ilipokuwa na aina 6. Hata hivyo, kati ya waliosimama kwenye aina 24 ni asilimia 3 tu walionunua. Kwenye aina 6 walinunua asilimia 30.

Tabora ilijua sehemu ya somo hili zamani, wakati Unyanyembe ilipokuwa njia panda ya misafara ya kwenda Ujiji na ile ya kuelekea kaskazini, Karagwe na Buganda. Bidhaa zilikuwa merikani, kaniki na shanga, zilizobebwa mabegani kutoka pwani kwa mamia ya kilomita. Henry Morton Stanley, aliyepita hapa mwaka 1871, aliandika kwamba Unyamwezi walipokea shanga nyekundu zilizoitwa samesame na kukataa nyingine. Nyeusi zilitumika Ugogo, kwingine hazikuwa na thamani. Mfanyabiashara aliyekosea rangi angeweza kuzitandaza juani mchana kutwa, asipate mnunuzi, na ujira wa wapagazi alikuwa na deni nao palepale. Uteuzi wa bidhaa hutangulia upangaji.

Upande wa pili wa mpaka huo ni rafu tupu. Nakumatt ya Kenya, iliyochukua maduka ya Shoprite nchini Tanzania mwaka 2014, ilishindwa kuwalipa wasambazaji wake. Mwaka 2017 rafu zake nyingi zilibaki wazi. Majengo yalikuwa mazuri, njia pana, taa zinawaka. Wateja wakaenda kwingine, fedha za kulipia mzigo mpya zikazidi kupungua.

Usisahau mnunuzi. Uwezo wake wa kununua hauongezwi na rafu. Shilingi 1,000 iliyoishia kwenye biskuti huenda ilikuwa ya daftari, na mwenye duka anayemkopesha jirani yake akumbuke hilo mwisho wa mwezi, deni litakapodaiwa.

MASWALI

1. "Kuweka bidhaa usawa wa macho huongeza mauzo ya duka." Jadili kauli hii ukilinganisha sabuni ya kufulia na biskuti. (Alama 15)

2. Duka la dirisha lenye nondo haliwezi kuwa la kujihudumia. Eleza njia nne ambazo mwenye duka hilo anaweza kutumia kuongeza ununuzi usiokusudiwa, na kwa kila njia taja gharama yake. (Alama 12)