Fundi wa Stima, Jeraha la Kazini Lina Fidia

Ngara, mtaa wa Nairobi, inajengwa upya. Nyumba za zamani zinabomolewa, maghorofa yanapanda, na kila ghorofa huhitaji fundi wa kupitisha waya na kufunga soketi. Wengi huitwa kwa simu asubuhi na kulipwa jioni. Shoti ikimtupa mmoja wao kutoka ngazini, fomani huwa na majibu matatu. Yapime kwa sheria kabla ya kukubali lolote.

“Wewe ni kibarua tu”

Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka 2007, maarufu kama WIBA, humtambua kama mfanyakazi yeyote aliyeajiriwa kwa mshahara au ujira, akiwemo anayejifunza kazi. Mkataba wa mdomo pia ni mkataba. Kwa hiyo tunza ushahidi kwamba ulikuwa kazini: ujumbe wa M-Pesa wa malipo, picha za mjengo, daftari la getini, majina na nambari za wenzako.

Mambo hubadilika ukiwa umechukua kazi kwa bei ya jumla, kwa vifaa vyako na wasaidizi wako. Hapo unaweza kuhesabiwa kuwa mtu aliyejiajiri, na WIBA haitakulinda. Itabidi ushtaki mahakamani ndani ya miaka 3 na kuthibitisha uzembe wa aliyekuumiza. Tena msaidizi unayemlipa huenda akawa mfanyakazi wako wewe. Akiungua, fidia na bima yake ni juu yako.

“Ulijitakia”

Chini ya WIBA huhitaji kuthibitisha kwamba mwajiri alikosea. Inatosha kwamba uliumia kazini na kwa sababu ya kazi. Anayeweza kunyimwa ni aliyejiumiza kwa utovu wa nidhamu wa kusudi, na hata hivyo kizuizi hicho hakigusi ajali iliyoleta kifo au ulemavu mkubwa.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini, pia ya 2007, inamtaka mwajiri akupe vifaa vya kujikinga bila kukutoza. Ukiona hatari kubwa, kwa mfano laini ambayo haijazimwa, mjulishe msimamizi mara moja. Hawezi kukulazimisha urudi hapo kabla hajaiondoa.

“Chukua hizi, yaishe”

Makubaliano ya kuacha haki yako ya fidia ni batili, hata ukiwa umetia sahihi. Unachodai ni hiki:

Matibabu: gharama zinazofaa, pamoja na kufikishwa hospitalini.

Siku za kuuguza jeraha: ukishindwa kufanya kazi kwa siku 3 au zaidi, unalipwa kulingana na mapato yako, kwa muda usiozidi miezi 12.

Ulemavu wa kudumu: mapato ya miezi 96 yanazidishwa kwa asilimia ya ulemavu aliyoipima daktari, ndani ya viwango vya chini na vya juu vilivyowekwa. Fundi wa Sh30,000 kwa mwezi aliyepimwa asilimia 20 anahesabiwa hivi: 30,000 mara 96 ni Sh2,880,000, asilimia 20 yake ni Sh576,000.

Kifo: wanaomtegemea marehemu hulipwa fidia, na gharama za mazishi pia zimo.

Fanya hivi

Nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kidonda kikionekana kidogo. Umeme huweza kuunguza ndani na kuvuruga mapigo ya moyo huku ngozi ikiwa na alama tu. Hakikisha daktari ameandika kwamba ulipigwa na stima ukiwa kazini.

Mjulishe mwajiri upesi, ikiwezekana kwa ujumbe wa simu utakaobaki kama ushahidi. Yeye ana siku 7 za kuripoti kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, kwa fomu ya DOSH/WIBA 1. Akinyamaza, nenda mwenyewe kwenye ofisi za idara ya Mkurugenzi huyo, DOSHS. Dai lazima liwasilishwe ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali, au tangu kifo. Likishawasilishwa, mwajiri au kampuni yake ya bima ana siku 90 za kulilipa.

Usimfuate anayekuahidi kesi ya moja kwa moja mahakamani. Tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba madai ya majeraha ya kazini huanzia kwa Mkurugenzi. Ukiona amekupunja, peleka pingamizi kwake kwa maandishi ndani ya siku 60. Jibu lake lisipokuridhisha, una siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Ziandike tarehe hizo zote siku unapopokea uamuzi, na ubaki na nakala ya kila karatasi unayoikabidhi.