SOMO LA WIKI: Muhuri ulioibwa, kampuni ikanyamaza

Kwa kawaida kampuni huuza kitu: saruji, sukari, nafasi ya kontena. Zipo ambazo bidhaa yao pekee ni kuaminiwa, na mwekezaji mdogo anayetaka kuzielewa hana mfano ulio wazi kuliko DigiNotar ya Uholanzi.

Kampuni hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1998 mjini Beverwijk, ilitoa vyeti vya mtandaoni. Cheti cha aina hii hufanya kazi ya muhuri wa wakili kwenye hati ya kiwanja. Mteja anapofungua tovuti ya benki, kompyuta yake hukagua cheti. Ikiona kimetolewa na kampuni inayotambuliwa, hukubali kuwa hiyo ni benki kweli, si tapeli aliyeazima jina lake. Serikali ya Uholanzi yenyewe ilitumia vyeti vya DigiNotar.

Januari 2011 kampuni ya VASCO, yenye hisa katika soko la Nasdaq la Marekani, iliinunua kwa takriban euro milioni 10. Juni mwaka huohuo wezi wa mtandao wakaingia kwenye mitambo yake na baadaye wakatoa vyeti bandia 531, kimojawapo kwa jina la Google. DigiNotar iligundua Julai 19. Ilifuta vyeti ilivyoviona, ikafunga mdomo.

Cheti cha Google kilikuwa hakijaonekana. Kilitumika kuchungulia barua pepe za watu, karibu wote wakiwa Iran. Wakaguzi wa Fox-IT walihesabu anwani za mtandao zipatazo 300,000. Aliyefichua jambo hilo mwishoni mwa Agosti alikuwa mtumiaji mmoja wa Iran, wala si kampuni. Septemba 3 serikali ilichukua usimamizi wa shughuli zake, nao watengenezaji wa programu za kufungulia tovuti wakaifuta katika orodha zao. Septemba 20, 2011, DigiNotar ilitangazwa kufilisika. Euro milioni 10 zilikuwa zimedumu miezi minane.

Wakaguzi walikuta maneno ya siri dhaifu, programu zilizopitwa na wakati, na mitambo isiyo na kinga ya virusi. Ni uzembe wa bei ndogo, lakini sicho peke yake kilichoiua. Machi 2011 Comodo, mshindani wake, iliibiwa pia kupitia wakala wake, vikatoka vyeti 9 bandia. Comodo ilivifuta haraka na kuwaarifu watengenezaji wa programu. Ililaumiwa sana, tena kwa haki, ila biashara yake ya vyeti ikaendelea na leo inaitwa Sectigo. Mozilla, ilipoeleza kwa nini inaiondoa DigiNotar, ilitaja wazi kosa la kutoarifiwa.

Mizania haionyeshi hatari ya namna hii. Thamani ya jina lililonunuliwa huandikwa humo kama mali, na mwenye hisa anaiona kama jengo, kumbe inaweza kuondoka kwa wiki tatu bila hata kufikia mnada. Kwa hiyo katika mkutano mkuu wa benki au kampuni ya malipo kwa simu, swali la gawio liandamane na jingine: mitambo ikivamiwa, nani anaarifiwa, na ndani ya saa ngapi? Kenya imeliweka jibu katika Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019: Kamishna aarifiwe ndani ya saa 72 endapo wenye taarifa wanaweza kudhurika. DigiNotar ilikaa kimya wiki zipatazo sita.