Mvuke wa Olkaria na Hesabu za Umeme

Visima vya kwanza vya kutafuta mvuke huko Olkaria, karibu na Ziwa Naivasha nchini Kenya, vilichimbwa katika miaka ya 1950. Hata hivyo, umeme wa kwanza ulipatikana mwaka 1981. Kuchelewa huko hakuwezi kuelezwa kwa sayansi peke yake.

Kazi ya mtambo wenyewe si ngumu kufahamika. Katika sehemu hiyo ya Bonde la Ufa miamba yenye joto kali haiko mbali sana na uso wa ardhi, na maji yaliyomo ndani yake hupata joto lipitalo nyuzi 200 za sentigredi. Kisima kikiyafikia, mvuke hupanda kwa kishindo na kuzungusha mtambo wa umeme. Mvuke huo hauagizwi kutoka ng'ambo.

Ugumu umo katika fedha. Mwenye mtambo wa dizeli hununua mafuta kidogo kidogo, kadiri anavyouza umeme. Mwenye kutafuta mvuke hulipa sehemu kubwa ya gharama mwanzoni, naye hajui atakachokipata: kisima chaweza kushuka zaidi ya mita 2,000 na bado kisitoe mvuke wa kutosha. Mkopeshaji wa kazi ya namna hiyo, akipatikana, hudai riba kubwa. Na riba hiyo huingia katika bei ya kila uniti ya umeme, ijapokuwa mvuke ni wa bure.

Mizani iligeuka pale bei ya mafuta ilipopanda karibu mara nne kati ya 1973 na 1974. Uchunguzi wa Olkaria, ambao ulikuwa umefufuliwa kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, ulipata uzito mpya. Mtambo wa megawati 15 ukaanza mwaka 1981, na kufikia 1985 ilikuwako mitatu ya namna hiyo. Baadaye, mwaka 2008, Serikali iliunda shirika la umma la kuchimba visima, ili hasara ya kisima kitupu isimwangukie mwekezaji. Huo ni uamuzi wa kisiasa, maana hasara haikutoweka. Ilihamia kwa mlipa kodi.

Wako pia waliolipa kwa njia nyingine. Mwaka 2014 familia za Wamaasai zilihamishwa kupisha mitambo ya Olkaria IV, yenye megawati 140. Malalamiko yao juu ya ardhi na makazi mapya yalifika Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, na usuluhishi ukaanza mwaka 2015.