SOMO LA ORDINATERI: PICHA NYEPESI INAYOLEMEA MASHINI

Mnakumbuka siku ile wazazi walikuja kutazama filamu, mashini ikakwama mbele yao. Wengine walisema ni umeme, wengine virusi. Hapana. Kosa lilikuwa katika vazi tulilolishonea programu ya Kodi, na mimi ndimi niliyelipitisha.

Kodi ni programu ya kuonyesha filamu na kupiga muziki. Ilizaliwa kwenye mashini ya michezo Xbox, yenye kumbukumbu ya megaokteti 64 tu. Zamani iliitwa XBMC, jina likageuka 2014. Vazi lake ni picha zote unazoziona: za nyuma, vifungo, mistari.

Sisi tuliweka picha kumi za Nyiragongo, za ule moto wa mwezi wa tano 2021, zote kwenye ukurasa mmoja zifunguke pamoja. Kila moja ilikuwa na kilookteti 300 kwenye diski. Tukasema: ni nyepesi! Hapo tulijidanganya. Picha ya JPEG ni nguo iliyokunjwa ndani ya sanduku. Kuivaa sharti uikunjue. Mashini inapochora, kila nukta inakula okteti 4: nyekundu, kijani, buluu, na moja ya kupitisha mwanga. Basi 1920 × 1080 × 4 ni okteti 8.294.400. Mara kumi, karibu milioni 83! Tena skrini yetu iko na nukta 1366 × 768 tu. Karibu nusu ya mzigo ilibebwa bure.

Kwanza, kateni picha ilingane na skrini. Pili, mstari wa juu msiuchore wote. Wetu ulikuwa 1920 × 100, okteti 768.000. Chora kipande cha 40 × 40, okteti 6.400, kisha andika kwenye faili ya XML upana wa pindo: pembe zitabaki vile vile, katikati itavutwa. Tatu, kifungo kimoja cheupe kinatosha, rangi inaongezwa kwa maandishi. Ni kama stensili ya gazeti letu hili: stensili moja, wino upendao.

Mwishoni TexturePacker inafunga picha zote katika faili moja, Textures.xbt. Hiyo inapunguzia diski kazi, lakini kumbukumbu haipunguziwi kitu, msichanganye.

Zoezi: vazi liko na vifungo 12 vya rangi mbalimbali, kila kimoja nukta 256 × 256. Vinakula okteti ngapi? Na kikitumiwa kimoja cheupe? Majibu Jumatatu, pamoja na hesabu yenyewe.