Chanjo ya HPV: Kwa Nini Wengine Wanaikosa?

Mwezi huu tujifunze juu ya chanjo inayokinga saratani ya mlango wa kizazi. Chanjo ipo na hailipiwi, lakini wapo wanaoikosa.

UGONJWA WENYEWE

Saratani hii huletwa na virusi vya HPV, ambavyo huenezwa kwa kujamiiana. Mwaka 2020 ilikadiriwa kuwa wanawake zaidi ya 10,000 wa Tanzania waliugua, na zaidi ya 6,000 walifariki. Wengi hufika hospitali wamechelewa, na safari ya kutoka huku Ufipa hadi Ocean Road, Dar es Salaam, kufuata mionzi ni ndefu na ya gharama.

Chanjo ilianza kutolewa nchi nzima Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14, dozi mbili. Aprili 2024 ilibadilishwa kuwa dozi moja tu, ikatolewa kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Utafiti uliofanyika Mwanza kwa wasichana 930 ulisaidia kuonyesha kuwa dozi moja hujenga kinga ya kutosha.

SABABU ZA KUIKOSA

1. Uvumi. Husemwa kuwa binti akichanjwa hatazaa. Si kweli. Kinachoharibu kizazi ni saratani yenyewe.

2. Aibu. Mzazi hudhani chanjo inamfungulia binti njia ya uasherati. Hutolewa mapema kwa sababu hufanya kazi vizuri kabla virusi havijaingia mwilini. Malezi mema yanabaki kazi yetu wazazi, kama zamani.

3. Kutokuwapo shuleni. Wachanjaji hufika shuleni. Binti aliyebaki shambani kuvuna ulezi, au aliyeacha masomo, hupitwa.

NA VIJANA WA KIUME?

HPV huleta pia saratani ya uume, ya njia ya haja kubwa na ya koo. Mpango wetu wa taifa huchanja wasichana tu. Wasichana wengi wakichanjwa, wavulana nao hukingika kwa kiasi. Lakini kijana anayekutana kimwili na wanaume wenzake hafikiwi na kinga hiyo. Uingereza ilianza kuwachanja wanaume hao katika kliniki mwaka 2018, hadi umri wa miaka 45.

Tafiti za nchi za nje zaonyesha kwamba vijana hao huikosa chanjo kwa kudhani ni ya wanawake, au kwa kuogopa kumweleza mganga maisha yao. Wakishauriwa na mhudumu anayetunza siri, wengi hukubali. Hilo ni fundisho kwetu tunaohudumia wagonjwa: anayeogopa kufokewa hanyamazi kwa sababu ni mzima.

TUFANYE NINI?

- Siku ya chanjo, binti asikose shule. Asiyesoma apelekwe zahanati.
- Ukisikia uvumi, muulize muuguzi kabla ya kuusambaza.
- Mama wa miaka 30 na kuendelea apimwe mlango wa kizazi, hata kama haumwi. Mwenye VVU aanze mapema zaidi.
- Damu isiyo ya kawaida, hasa baada ya tendo la ndoa au baada ya kukoma hedhi, si ya kuvumilia. Nenda hospitali.

MASWALI YA JUMUIYA

1. Katika jumuiya yetu, ni binti gani hajafikiwa na chanjo, na nani atamfuata mzazi wake?
2. Je, kijana wetu akiwa na tatizo la siri, ana mtu wa kumweleza bila hofu?